Woofa haipigi inavyotakiwa? Lichunguze boksi kabla ya kulaumu spika

Boksi la kwanza nililojenga mwenyewe lilikuwa na lita 84 kwenye daftari na lita 61 ndani ya gari. Nilipima kwa nje, sentimita 60 kwa 40 kwa 35, nikazidisha, nikakata mbao. Sikukumbuka kwamba kila kipimo kina mbao mbili, huku na huku, na MDF, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, ya milimita 18 inakula sentimita 3.6 za urefu, 3.6 za upana na 3.6 za kimo. Ndani palibaki 56.4 kwa 36.4 kwa 31.4, yaani lita 64 na nusu. Toa lita tatu za fremu na sumaku ya spika, ndiyo hizo 61. Wiki mbili nzima nilikuwa nageuza vitufe vya amplifaya na kumsema vibaya aliyeniuzia spika, kumbe hesabu ilikuwa yangu.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia woofa yake mbovu, swali langu la kwanza ni boksi. Hewa iliyofungiwa nyuma ya koni ni springi. Ikipungua springi inakuwa ngumu, ikivuja inalegea, na spika nzuri kabisa itasikika kama imekufa.

Vipimo vitatu kabla ya kushika bisibisi

Zima redio, chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Hili la nyaya usilipuuze, maana zikiwa zimeunganishwa amplifaya nayo inaizuia koni, na mkono wako utadanganyika.

Cha kwanza ni mkono. Tandaza vidole vya mikono yote miwili kuzunguka kofia ya katikati, sukuma koni ndani taratibu na kwa usawa. Kwenye boksi lililofungwa utasikia hewa ikikukataa. Shikilia hapohapo kwa sekunde tano. Ukisikia ule ukinzani unayeyuka chini ya vidole, hewa inatoka mahali fulani. Kama boksi lina spika mbili zinazochangia chumba kimoja, kazi ni rahisi zaidi: sukuma moja, nyingine itatoka nje. Ikibaki imetoka, boksi limeziba. Ikianza kurudi polepole huku bado umeshikilia ya kwanza, linavuja. (Boksi lenye tundu la hewa halipimwi hivi, koni yake huingia kirahisi kwa sababu hewa ina njia.)

Cha pili ni betri ndogo ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi, kwa nukta moja tu. Koni itoke nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa.

Cha tatu ni mlio mmoja mnyoofu. Pakua programu ya simu inayotoa mlio wa masafa unayochagua, rudisha nyaya, weka sauti ya wastani, kisha shuka kutoka 80 Hz hadi 25 Hz taratibu. Muziki unaficha makosa, mlio mmoja unayaanika. Mengi ya yanayofuata hapa chini utayagundua ukiwa umekaa nyuma ya gari na simu mkononi.

"Besi ni hafifu, hata nikiongeza sauti"

Anza na chanya na hasi. Spika mbili kwenye boksi moja, moja ikiwa imegeuzwa, moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na besi inafia hapohapo mbele yake. Dalili ni kwamba koni zinatikisika sana lakini kifua chako hakisikii kitu. Ukichomoa moja na sauti ikaongezeka, jibu umelipata.

Spika yenye koili mbili, yaani waya uliozungushwa ndani ya sumaku ili kusukuma koni, ina mtego mbaya zaidi. Ukigeuza koili moja dhidi ya mwenzake, zinashindana ndani ya sumaku moja: koni haitembei karibu kabisa, lakini umeme unapita na koili zinachemka. Ukiona spika imetulia huku inaanza kunuka kama plastiki iliyochomwa, zima mara moja. Ipime kila koili peke yake kwa ile betri ndogo.

Spika zote zikiwa sawa, bado woofa inaweza kugombana na spika za milangoni. Kaa kiti cha dereva, piga mlio wa 80 Hz ambao pande zote mbili wanaugusa, kisha mtu mwingine ageuze kitufe cha fazi kutoka 0 hadi 180, au abadilishane nyaya za woofa. Hali itakayosikika kwa nguvu zaidi pale ulipokaa ndiyo sahihi, hata kama maandishi ya kwenye terminali yanasema vingine. Gari ni dogo na mawimbi ya besi ni marefu. Wimbi la 40 Hz lina zaidi ya mita nane na nusu, kwa hiyo linapofika masikioni mwako limeshagonga kila kona.

Halafu geuza boksi. Kwenye gari lenye buti iliyotengwa na chumba cha abiria, spika inayotazama nyuma ya gari mara nyingi hupiga kuliko inayotazama viti. Ni jaribio la dakika tano na halihitaji msumeno. Kama boksi lina tundu la hewa, lisibanwe ukutani: acha nafasi isiyopungua upana wa tundu lenyewe.

Ukimaliza yote hayo na besi bado ni ya kuomba, rudi kwenye kile kipimo cha mkono. Inavuja.

"Inapiga noti moja tu, wimbo wowote ule"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, nami nitakaa nalo kidogo kwa sababu karibu kila mara ni hesabu ya lita.

Tuanze na boksi lililofungwa. Neville Thiele na baadaye Richard Small, waliofanya kazi yao Australia, ndio waliotuachia zile namba zinazokuja na karatasi ya spika. Mbili unazozihitaji hapa ni Qts, yaani jinsi spika inavyojizuia isiendelee kutikisika, na Vas, yaani lita za hewa zenye ugumu sawa na springi ya spika yenyewe. Chukua Vas, gawa kwa lita halisi za boksi, ongeza moja, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa Qts. Jibu linakuambia boksi litakuwa na tabia gani. Karibu na 0.7 besi inanyooka na kushuka vizuri. Likifika 1 au kupita unapata uvimbe mahali pamoja, ule mdundo wa "buu, buu" unaofanana kwa kila wimbo.

Mfano: spika ya Qts 0.5 na Vas lita 60. Ndani ya lita 60, jibu ni 0.707. Ndani ya lita 20, kwa sababu tu buti ilikuwa ndogo, jibu ni 1.0. Spika ileile, boksi jingine, malalamiko yameanza. Boksi likiwa dogo kidogo, jaza pamba ya polista ndani, ile ya mito. Inapunguza joto la hewa inapobanwa na kuifanya spika ione boksi kubwa zaidi. Kwa nadharia kikomo ni asilimia 40, lakini kwenye kazi halisi utapata kidogo kuliko hapo, na ukishindilia pamba mpaka igande unapoteza faida yote. Pamba isiguse nyuma ya koni wala isizibe tundu la sumaku.

Boksi lenye tundu, au poti kama mafundi wengi wanavyoiita, lina ukorofi wa aina yake. Hapo hewa ya ndani na hewa ya kwenye poti zinacheza pamoja kama chupa unayoipuliza mdomoni. Kuna masafa moja ambayo chupa inaimba, na hayo ndiyo umetuni boksi lako. Tuseme ulitaka lita 50, poti ya sentimita za mraba 150, na 35 Hz. Hesabu inakupa urefu wa takriban sentimita 73, unatoa kama 10 kwa sababu hewa ya kwenye midomo ya poti nayo hutembea pamoja na ya ndani, unabaki na 63. Vizuri. Ukakata mbao ndani zikawa lita 50 kamili, ukaingiza poti, ukafunga spika, ukapaka rangi.

Lakini poti yenyewe inakalia lita 9 na nusu, bila kuhesabu mbao zake. Spika inakalia tatu. Hewa iliyobaki ni lita 37 na nusu, na boksi halipigi tena 35 Hz bali karibu 40. Sasa lina uvimbe palepale ambapo gari lenyewe nalo linapenda kunguruma, na ndiyo noti yako moja.

Utajuaje boksi lako limetuni wapi bila kulifungua? Bandika kidoti cha karatasi nyeupe kwenye koni, mulika tochi kwa pembeni, shusha mlio kutoka 60 Hz hatua moja moja. Koni itazidi kutikisika, kisha utafika mahali kidoti kinatulia karibu kusimama huku upepo kwenye poti ukiwa mkali kuliko wakati wowote. Hapo ndipo. Endelea kushuka Hz chache na koni itaanza kuruka ovyo. Usikae huko.

Tofauti ikiwa Hz mbili au tatu, mimi naiacha na kupunguza kidogo kwenye ikwalaiza. Ikizidi tano, kuna wanaorefusha poti, lakini kipande unachoongeza nacho kinakula hewa ileile iliyokuwa haitoshi. Kuziba sehemu ya poti kunashusha masafa pia, ila utalipa kwa mlio wa upepo, ambao tunaufikia sasa hivi. Ukweli ni kwamba boksi la namna hiyo linajengwa upya. Kinyume chake ni chepesi: boksi lililotuni chini mno linaponywa kwa kukata poti. Ndiyo maana mwenye busara hutengeneza poti ndefu kuliko hesabu, hujaribu, kisha hupunguza.

Kabla ya kulivunja boksi, hata hivyo, litoe nje ya gari na ulipige mahali pa wazi. Litasikika jembamba, hilo ni kawaida, hakuna kuta za kulisaidia. Kama ile noti moja imepotea kabisa, mwenye kosa ni gari, na dawa ni kulihamisha boksi au kupunguza masafa hayo.

"Inapumua kama mtu mwenye mafua"

Kuna pumzi mbili na dawa zake ni tofauti, kwa hiyo usianze kupaka gundi hovyo.

Pumzi ya kwanza inatoka kwenye poti yenyewe na inaonekana sauti ikiwa kubwa. Ni hewa inayokimbia kupita kiasi. Wengi tunajaribu isipite mita 17 kwa sekunde. Sababu ni poti nyembamba au kingo kali. Kwa kuanzia, kadiria sentimita za mraba 80 hadi 100 za poti kwa kila lita 28 za boksi, na viringisha midomo yote miwili, ya nje na ya ndani, kwa rauta ya seremala au kwa msasa na subira. Kosa jingine ni mdomo wa ndani kusogea mno ukuta wa nyuma. Nafasi hapo isipungue upana wa poti.

Pumzi ya pili ni mluzi au "pffss" inayosikika hata kwenye sauti ndogo. Huo ni mvujo. Kata karatasi laini ya chooni, utepe mwembamba wa kidole kimoja, piga mlio wa 30 Hz, uutembeze kwenye kila ungio. Unapoanza kucheza peke yake, umepata. Nyuma ya mkono uliolowa maji kidogo nao unahisi vizuri. Watu hupendekeza povu la sabuni, nami siliweki kwenye MDF isiyo na rangi hata kwa dawa, kwa sababu mbao hizo zikinywa maji hazirudi zilivyokuwa. Moto wa mshumaa nao uache, hasa kama ndani kuna mvuke wa gundi.

Anza na kikombe cha terminali, yale maplastiki ya kuunganishia waya. Nimekuta zaidi ya mara moja boksi lililojengwa kwa ustadi wote linavuja hapo tu. Kisha kona ambapo mbao tatu zinakutana, tundu la skrubu lililopinda likatokea upande wa pili, na mzunguko wa fremu ya spika.

Ukiwa bado una njia ya kuingiza mkono kupitia tundu la spika, pitisha gundi nyeupe ya mbao kwenye kona zote za ndani na uisambaze kwa kidole. Silikoni inafaa pia, lakini ile inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo haipatani na sehemu za spika. Acha boksi wazi usiku na mchana, mpaka harufu iishe, ndipo ufunge spika.

"Kuna kitu kinatetemeka"

Gonga boksi kwa kifundo cha kidole. Ubao mzuri unajibu "to", mfupi na mkavu. Ukijibu kwa sauti ndefu kama ngoma, ubavu huo nao ni spika, tena spika mbovu. Weka taruma ndani, kipande cha mbao kinachounganisha ubavu mmoja na wa pili yake. Mimi nikiona ubao wenye zaidi ya sentimita 30 bila msaada naweka, na uso unaobeba spika naufanya wa mbao mbili zilizogundishwa. Kumbuka kutoa lita za taruma kwenye hesabu.

Ubao ukijibu vizuri, kelele ni ya gari. Sahani ya namba, mlango wa buti, ubao wa nyuma ya viti, kifungo cha mkanda. Mmoja akae na simu akishusha mlio, akifika kwenye masafa yenye kelele asimame, mwingine azunguke akibonyeza kitu kimoja kimoja kwa kiganja. Kelele ikikata chini ya kiganja, weka sponji ya kubandika hapo.

Siku moja nilizunguka gari la rafiki yangu saa nzima nikibonyeza kila kitu. Mwisho tuliliinua boksi na kuliinamisha. Penseli. Penseli yangu mwenyewe ya seremala ilikuwa imelala ndani ya poti.

"Inakwaruza" na "inagonga"

Mkwaruzo unausikia bila umeme, ukisukuma koni taratibu: kama msasa mwembamba ndani. Koili inagusa sumaku. Wengi hapa wanaitupa spika, nami ninalegeza skrubu kwanza. Uso wa boksi ukiwa umepinda, au ukikaza skrubu upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kwenda wa pili, fremu ya spika inajikunja na koili inahama katikati. Zilegeze zote, sukuma koni tena. Mkwaruzo ukiisha, nyoosha uso wa boksi, weka gasketi, kisha kaza kidogo kidogo kwa kuvuka, kama unavyokaza nati za gurudumu. Mkwaruzo ukibaki hata spika ikiwa mezani, koili imeharibika au imeungua, na boksi halina hatia.

Kama umefungua na kufunga spika mara nyingi, tundu za skrubu kwenye MDF zitakuwa zimesagika na fremu haikai tena. Weka nati za kuzamisha kwa nyuma na utumie bolti. Ningeweza kusema jambo hili mapema zaidi, lakini na mimi nilijifunza kwa kusaga tundu.

Mlio wa kugonga, ule wa "ta!" mkali, ni koili inafika mwisho wa safari yake na kugonga chuma. Kwenye boksi lenye poti, chini ya masafa uliyotuni hakuna tena springi ya hewa ya kuizuia koni. Washa filta inayokata masafa ya chini kabisa (subsonic) kwenye amplifaya na iweke Hz chache chini ya masafa ya boksi. La 35 Hz liweke karibu 28 au 30. Kwenye boksi lililofungwa, mlio huo wa kugonga unakuambia boksi ni kubwa mno au linavuja, ama umezidisha umeme. Angalia pia nyuma ya sumaku: spika yenye tundu la kupumulia pale inahitaji sentimita mbili au tatu za wazi.

"Amplifaya inazima"

Hapa boksi si mshtakiwa wa kwanza, kwa hiyo nitapita haraka. Toa hasi ya betri ya gari kabla ya kugusa nyaya kubwa. Pima omu kwa multimita kwenye terminali ya boksi, waya wa amplifaya ukiwa umetolewa. Koili ya omu 4 husoma chini kidogo ya 4, na hiyo ni sawa. Spika yenye koili mbili za omu 4 ikiunganishwa sambamba ni omu 2, kwa mfululizo ni omu 8. Mbili za namna hiyo, zote sambamba, ni omu 1, na amplifaya isiyoandikwa kubeba omu 1 itajizima au itaungua. Ukisoma sifuri, waya umegusana mahali, mara nyingi ndani ya kile kikombe cha terminali.

Waya wa hasi wa amplifaya ufungwe kwenye chuma kitupu, umekwanguliwa rangi mpaka ung'ae. Amplifaya yenyewe usiifunge juu ya boksi, linaitikisa na kapeti linaizibia joto.

Kitufe cha gaini si kitufe cha sauti. Zidisha wati unazotaka kwa omu za spika, tafuta kipeuo cha pili: wati 500 kwenye omu 2 ni volti 31.6. Chomoa spika, zima besi busti, piga mlio wa 50 Hz redio ikiwa karibu na juu, panda gaini mpaka mita isome hapo kwenye volti za AC. Ukipita, mawimbi yanakatwa vichwa, na hivyo ndivyo koili nyingi zinavyoungua.

Rangi na kapeti vinapokataa

Mstari mwembamba umetokea juu ya rangi, sawasawa na ungio la mbao, wiki tatu baada ya kumaliza. Hukukosea rangi, uliharakisha. Maji ya gundi yalivimbisha ungio, ukapiga msasa likiwa limevimba, likakauka na kunywea chini ya rangi. Acha boksi likauke siku kadhaa kabla ya msasa wa mwisho, paka puti, acha tena. Hata hivyo ukingo wa MDF na uso wake havinywi unyevu kwa kiasi kimoja, kwa hiyo boksi linalopigwa jua na unyevu kila siku linaweza kurudisha ule mstari. Anayetaka rangi ya kung'aa kama bodi ya gari ajiandae kwa kazi. Mimi humshauri rangi yenye chembechembe au kapeti.

Kingo zimebaki na manyoya na hazina mng'ao kama nyuso? Ukingo uliokatwa unakunywa rangi kama sponji. Paka sila ya mbao, au gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, mara mbili, msasa wa 180 kisha 240 katikati, ndipo praima.

Vidonda vidogo vilivyoinuka juu ya kila skrubu vinatokana na kukosa tundu la kutangulia. Kwa skrubu ya milimita 4, toboa la milimita 3 na uzamishe kichwa. Ukikata au kupiga msasa MDF vaa barakoa, ule unga si wa kuvutwa.

Kapeti lina matatizo matatu. Mapovu ni gundi iliyofunikwa mbichi, au iliyopakwa upande mmoja. Gundi ya mpira inapakwa mbao na kapeti pia, unasubiri mpaka kidole kikigusa hakinati, ndipo unabandika kuanzia katikati kwenda nje. Kona zinazofunguka ni kitambaa kilichokunjwa kwa nguvu bila kukatwa. Kata pembe kwa wembe mpya, na ficha mshono chini au nyuma.

La tatu huonekana siku chache baada ya kumaliza, wakati mwenye boksi ananipigia kwamba besi imepungua tangu alipolivisha. Amelipitisha kapeti mpaka ndani ya tundu la spika, fremu imekaa juu ya nyuzi, na hewa inapita katikati ya nyuzi hizo kama maji kwenye mkeka. Toa spika, kata kapeti kwa duara ili fremu ikae kwenye mbao tupu, zungushia sponji ya kubandika, kaza kwa kuvuka. Kisha chomoa nyaya, tandaza vidole, sukuma koni na uhesabu mpaka tano.